Ufunguo Tuliouzika na Kaka

Jumatatu, 4 Agosti

Ndugu yangu marehemu, uliye pichani juu ya kabati, ambaye kwa umri, kwa busara na kwa urefu wa msumari uliotundikiwa unastahili kutajwa kwanza, Mheshimiwa Kiti cha Pili, ambacho hakijakaliwa tangu msiba, ndugu kalamu, ndugu karatasi, na wewe panya wa nyuma ya kabati, uliyehudhuria bila mwaliko: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Nalihutubia daftari kwa kuwa hakuna kikao kingine kinachonipa zaidi ya dakika tatu.

Hoja iliyo mbele yetu ni moja. Karakana yetu ya kukereza mbao, yenye wajumbe kumi na mmoja, mimi nikiwa katibu, haiwezi kufungua kibano. Wiki ya sita sasa! Kwa faida ya panya: kibano ni chuma cha mviringo kilicho mbele ya mashine, chenye taya nne. Taya huuma kipande cha mbao, mashine hukizungusha, nasi hukichonga kwa patasi mpaka kiwe bakuli. Taya hukazwa na kulegezwa kwa ufunguo wenye ncha ya mraba. Ufunguo ulikuwa mmoja. Kaka aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya shati, miaka ishirini na saba ili usije ukasahauliwa mahali pake, kwani ufunguo ulioachwa kibanoni, alikuwa akisema, ni jiwe kwenye kombeo. Ukiwasha tu, unatafuta kichwa cha mtu.

Uko wapi ufunguo huo? Umezikwa.

Kwa shauri la nani? Langu.

Walitaka kumvua kabla jeneza halijafungwa. Nikasimama. Nikasema kwamba mkono na chombo vilivyofanya kazi pamoja robo ya karne havifai kutenganishwa na udongo. Nikasema na mengine, mazuri zaidi. Watu walilia. Mwenyekiti wetu, mzee ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake, alilia hata kabla sijaanza. Hotuba bora ya maisha yangu! Kesho yake tukafungua karakana, tukakuta kibano kimeuma bakuli la mwisho la Kaka, limechongwa nusu. Tukatazamana.

Mashine mbili ndogo zilizobaki hazina kibano. Hutengeneza miguu ya viti tu. Kwa sasa tuna miguu ya viti ya kutosha kulikalisha taifa zima.

Fundi vyuma wa mtaa wa pili amesema mara tatu kwamba atatuchongea ufunguo mwingine kwa nusu siku. Mara tatu nimelipinga jambo hilo kwa hoja nzito. Hoja ambayo sikuitaja ni hii: ufunguo mpya ni tangazo kwamba hotuba ya mazishini ilikuwa kosa.

Basi, mpango. Bakuli ni la binti wa Kaka. Alimwahidi mwenyewe. Binti anahamia mbali kikazi. Gari lake linaondoka Jumatatu ijayo, na Jumamosi atafika kikaoni kulichukua. Kikao hichohicho kitamchagua msimamizi wa mashine, kiti alichokalia Kaka. Nitafungua kibano kwa akili yangu, nitalimalizia bakuli, nitamkabidhi Binti mbele ya wajumbe wote, nitachaguliwa. Tena nitakuwa nimemlipa Kaka deni lisilolipika. Mpinzani ni mmoja tu: Mama Patasi, mkerezaji hodari kuliko sisi sote, mwanamke asiyemaliza sentensi akiona kitendo kinatosha.

Leo aliinua mkono. Alitaka kusema neno kuhusu ile mbao iliyo kibanoni. Nilimjulisha kwa heshima kwamba haimo kwenye ajenda.

Jumanne, 5 Agosti

Ufunguo wa mbao! Kwa nini hakuna aliyefikiria? Sisi ni mafundi mbao, si waombaji wa mlangoni kwa fundi vyuma.

Nilichagua mti mgumu kuliko yote iliyo stoo. Nilichonga tangu asubuhi. Ncha ya mraba, shingo nyembamba ya kupendeza, mpini wenye nakshi ndogo ya majani. Nilialika wajumbe washuhudie. Nikautia kwenye tundu la ubavuni mwa kibano. Ulikaa kama kidole kwenye pete. Nikasema maneno machache ya ufunguzi, nikazungusha.

Mlio mkavu.

Ncha ilibaki ndani, nakshi ikabaki mkononi. Nilihitimisha kuwa tundu lina kasoro. Kibano kina matundu mawili, moja kila upande, nami nilikuwa nimechonga ufunguo wa akiba, kwani mtu makini hujiandaa. Nikautia kwenye tundu la pili.

Mlio mkavu wa pili.

Mama Patasi aliuliza kama kuna tundu la tatu. Nikamjibu kuwa halipo. Akasema basi Mungu ashukuriwe, akarudi kwenye mguu wake wa kiti.

Fundi vyuma aliitwa kuchungulia, bila ridhaa yangu. Alisema kwamba jana ilikuwa kazi ya nusu siku. Leo ni siku mbili, kwani itabidi kwanza azitoboe ncha hizo tundu kwa tundu. Aliuliza ni nani aliyezipachika. Karakana nzima ikaitazama sakafu kwa adabu kubwa. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mama Patasi aliinua mkono tena. Ni ile mbao tena, akasema, neno moja tu, Katibu. Nikafunga kikao.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na nadharia. Taya zimeng'ang'ania kwa ukavu. Wiki sita bila huduma! Zikilainishwa zitaachia zenyewe, kwa hiari.

Kaka alikuwa na kanuni juu ya jambo hili. Kanuni zote za kibano zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wangu. Yeye alizisema, mimi nilizipamba. Alisema: "Piga brashi kwanza, kisha tone la mafuta mepesi, mafuta mengi hugeuza vumbi kuwa uji, na taya zenye uji husema zimekaza nazo hazijakaza." Mimi niliandika ukurasa mzima wenye utangulizi. Leo nimeusoma mpaka katikati, penye neno mafuta, nikaona inatosha.

Chupa nzima. Mafuta ya kupikia, kwani mengine yalikwisha.

Yaliingia kwa ukarimu, yakatoka kwa ukarimu zaidi. Yalikutana na vumbi la miaka, yakageuka tope la rangi ya kutu, likaanza kudondoka juu ya buti za Mwenyekiti, aliyekuwa amesinzia karibu. Taya hazikuachia kitu. Mama Patasi alikuja na brashi, ndoo na matambara. Akaniuliza: "Katibu, unakitengeneza au unakikaanga?"

Alipiga magoti, akafuta kwa saa mbili. Sikujua pa kuiweka mikono yangu. Kila alipotoa tope kati ya taya alilitazama kabla ya kulipangusia kwenye tambara, kama mtu anayechambua mchele. Safari moja akatoa randa moja, ganda la mbao lililochongwa, jembamba, limejikunja kama ukosi, halijaguswa na mafuta. Randa la Kaka. Randa la siku ile. Alilishika kwa ncha za vidole, akalitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kufuta.  

Kisha akaligusa bakuli kwa kidole, akaligonga taratibu, akanigeukia akitaka kusema kitu. Niliona machozi yananikaribia. Nikaharakisha kutoa neno la shukrani kwa niaba ya karakana, nikatoka nje.

Leo sina mzaha zaidi. Panya ameondoka mapema.

Alhamisi, 7 Agosti

Waheshimiwa, naandika nikiwa na bandeji kichwani. Nitaeleza kwa mpangilio.

Kwanza, historia. Kaka aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu ili mimi nisiache. Nilipokuwa nikikariri mashairi, yeye alikuwa akifagia maranda ya watu. Nilipojifunza kutoa hotuba, alikuwa amepoteza kucha mbili. Aliketi mstari wa mbele katika kila hafla niliyohutubia, akipiga makofi mahali pasipostahili, kwa kuwa hakufuata maneno. Alifuata sauti yangu. Kwa hiyo asije mtu kuniuliza kwa nini nilitaka kulimalizia bakuli kwa mkono wangu mwenyewe. Kila neno nililo nalo lilichongwa na mikono yake. Nilitaka walau kitu kimoja chake kichongwe na yangu.

Pili, wazo. Kwa nini tuhangaike kufungua kibano? Bakuli liko mahali pake, mashine inafanya kazi, patasi zina makali. Nilimalize hapohapo lilipo!

Tatu, mwenendo. Nilisubiri wote waende kula mchana. Nilivaa shati jeupe na tai, kwa heshima ya marehemu. Kanuni ya tatu inakataza chochote kinachoning'inia karibu na mashine. Nikaichomeka tai ndani ya shati, kati ya vifungo. Kanuni hiyo niliitii. Ndiyo pekee. Ngao ya uso niliivaa, kisha nikaipandisha kipajini kwa sababu ilinizuia kujiona kwenye kioo cha dirisha. Kanuni inataka mtu asimame kando, asikabiliane na mbao inapoanza kuzunguka. Nilisimama mbele yake kama mbele ya hadhira. Inataka kwanza kuizungusha kwa mkono uone kama inayumba. Sikuizungusha. Inataka uanze kwa mwendo mdogo. Mwendo mdogo nilidhani ni wa wanafunzi.

Nikasema: "Kaka, kwa idhini yako." Nikawasha.

Lilizunguka vizuri pengine kwa muda wa pumzi moja. Kisha likaanza kutetemeka. Kisha sauti, takatak-takatak, kama farasi kwenye bati. Nilinyoosha mkono kuelekea swichi. Bakuli halikusubiri. Lilipita kwenye sikio langu la kushoto, likachukua kipande kidogo cha sikio hilo, likaenda kugonga ukuta chini ya kanuni, likaanguka.

Vipande viwili.

Kibano kiliendelea kuzunguka kitupu, taya wazi, kikirusha mafuta ya jana juu ya shati langu jeupe.

Mama Patasi ndiye aliyetangulia kuingia. Alizima mashine. Akatazama sikio, akalifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, akanikalisha. Akatazama taya. Ndipo alipozungumza, nami kwa mara ya kwanza wiki hii sikumkatiza. Alisema Kaka alilifunga bakuli lile kibanoni mbao ikiwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka hunywea. Wiki sita imenywea, na taya ziko palepale zilipoachwa. "Tangu Jumatatu nataka kukwambia, Katibu. Ungelishika kwa mikono miwili ukalivuta, lingetoka lenyewe. Hata ufunguo usingehitajika."

Nikanyanyua macho ukutani. Kanuni ya saba, kwa mwandiko wangu mzuri: mbao iliyolala kibanoni ikazwe upya kabla ya kuwasha, maana hunywea. Imo. Iko mwishoni mwa sentensi yenye maneno tisini na mbili.

Aliongeza, akiwa mlangoni, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, ila langu limeponea chupuchupu. Alitaka nicheke. Nilijaribu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilivifukia vipande chini ya rundo la maranda. Mpango mpya ulikuwa mwepesi: kumpa Binti bakuli jingine. Mwenye majonzi hapimi unene.

Katika kabati la Kaka, nyuma ya makopo ya gundi, nilikuta bakuli limefungwa kwa kitambaa safi, kama mtoto wa jana. La zamani. Zito. Limeelemea upande mmoja. Nilidhani ni kazi yake ya uanagenzi. Nikalipaka nta, nikasugua mpaka likameta, nikaandaa maelezo: kwamba alilitengeneza hivyo kwa makusudi, kwamba mkono wa mtu anayeaga dunia huinama.

Binti alikuja siku moja kabla ya kikao. Hakuweza kusubiri, alisema. Amekonda. Ana macho ya baba yake, yale yanayotazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikaanza maelezo.

Alicheka! Sijamsikia akicheka tangu msiba. Akasema: "Baba Mdogo, hili si ni lako?"

Nikamwambia hapana.

Akasema ni langu, nililikereza kabla yeye hajaanza shule, na kwamba sikukaza taya sawasawa nalo likatoka upogo. Baba yake alikuwa akilitoa kila mgeni alipokuja karakana. Akimwonyesha, akisema: "Mdogo wangu ukimpa duara atakurudishia yai. Lakini tazameni, hakuliacha mpaka likawa bakuli." Kisha akilifunga tena kwenye kitambaa. Alikifua kitambaa hicho mwenyewe.

Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kukereza chochote.

Nililitazama. Nikaona ni kweli: upogo wote ule, na chini, kwa kalamu ya risasi, jina alilokuwa akiniita tukiwa watoto. Sitaliandika hapa.

Binti akaliweka mezani polepole, akauliza la baba yake liko wapi basi. Nikasimama nieleze. Nilianza na hali ya jumla ya karakana. Nilizungumza dakika kumi na mbili. Nilifika kwenye sifa za mti mgumu. Akanishika mkono, akasema: "Baba Mdogo, liko wapi?"

Nikamwonyesha maranda.

Alifukua kwa mikono. Alipovipata vipande hakulia. Alivipangusa kwa upindo wa gauni, akavitazama ndani, akauliza swali ambalo sikulitarajia: baba alikomea wapi? Sikujua. Mama Patasi alikuja akapiga magoti kando yake. Katika kile kipande kikubwa kuna mfereji mwembamba wa patasi; unazunguka, unazunguka, kisha unakoma ghafla, bila kuunga. Mama Patasi alisema ni hapo. Yeye alikuwa kwenye mashine ya pili, alimwona. Kaka alisimama kama mtu aliyeitwa. Akaondoa patasi. Akazima mashine. Akasubiri isimame kabisa. Akapachika ufunguo, akajaribu kukaza kama ada, akauchomoa, akauvaa shingoni. Ndipo alipoketi kwenye kigoda. Walipomfikia alikuwa ameshaondoka.

Hivyo hata kifo kilimsubiri auvae ufunguo wake.

Binti aliweka kidole mwishoni mwa mfereji ule, akakaa nacho hapo. Akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba hakutaka limaliziwe. Alitaka alichukue hivyohivyo, na hapo baba alipokomea. Kwamba alidhani tumelijua hilo.

Hatukulijua. Hatukuuliza. Tulikuwa na ajenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao. Wajumbe kumi na mmoja, Binti kwenye kiti cha wageni, vipande viwili mapajani mwake ndani ya kitambaa. Sikio linafukuta.

Ajenda ya kwanza, uchaguzi. Mwenyekiti aliuliza nani wanamtaka Mama Patasi awe msimamizi wa mashine. Niliinua mkono kuomba mwongozo kuhusu utaratibu. Mkono wangu ulihesabiwa. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, maana Mama Patasi naye alikuwa ameinua wake kufungua dirisha. Ushindi wa kishindo.

Fundi vyuma alileta ufunguo mpya, ulioagizwa bila kuniuliza. Matundu yamezibuliwa. Mama Patasi akaupachika, akazungusha, taya zikafunguka na kufunga bila kinyongo. Wajumbe walipiga makofi. Mimi pia. Ni ufunguo mzuri, sina budi kusema, ingawa hauna nakshi.

Ajenda ya pili, usalama, ambayo niliiandalia kurasa kumi na nne. Mama Patasi aliomba aiseme yeye, kwa kuwa sasa ni kazi yake. Aliibandua karatasi yangu ukutani, akaikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akasema: piga brashi kila jioni. Asubuhi kaza tena. Zungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, na simama kando. Ufunguo usikae kibanoni hata kwa kupiga chafya. Akakaa. Nilisubiri utangulizi. Kumbe ndiyo hotuba yote. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja: ni maneno ya baba yake, alisema baadaye, hata ile chafya.

Kila mtu alikuwa ameelewa. Sijawahi kuona jambo kama hilo katika kikao.

Kisha Mwenyekiti akanipa dakika tatu za kumuaga Binti.

Niliahidi moyoni kuwa mfupi. Nilitaka kusema safari njema, mwanangu, nisamehe. Maneno manne! Nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Lakini nilipomtazama, niliona kile kitambaa mapajani. Anaondoka kwenda kusikokuwa na mtu anayemjua, na kitu pekee alichorithi kutoka mikononi mwa baba yake nimekivunja mimi. Nilishindwa kumwacha aende hivyo. Mtu mzima hawezi kumwambia mtoto wa ndugu yake nisamehe kisha akabaki amesimama mikono mitupu.

Nikaanza kusema. Nikasema juu ya mikono. Nikasema juu ya chuma kilichouma mbao kwa uaminifu miaka ishirini na saba na kamwe hakikumng'ata aliyekilisha. Nikasema mali ya baba humfuata mwana. Sauti yangu ilipanda. Wajumbe walianza kupenga kamasi. Fundi vyuma, ambaye si mjumbe, alivua kofia. Nilipomaliza, Mwenyekiti, ambaye naapa hakusikia neno, akagonga meza huku machozi yakimtiririka, akasema imepita.

Sikumbuki vizuri nilichokipendekeza. Nimeangalia kumbukumbu za kikao. Ni mwandiko wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Ndugu yangu pichani. Kiti cha Pili. Kalamu na karatasi. Na panya, ambaye amerejea na mwenzake, kwa hiyo akidi imetimia:

Kichwa kimetulia. Nimeisoma tena hotuba ya jana. Ni bora kuliko ile ya mazishi! Sikudhani nitaishi kuliona jambo hilo.

Pamekuwa na maswali madogo. Binti alinipigia simu asubuhi. Alishukuru sana, kisha akasema ana begi moja, na kibano tulichompa kina uzito wa ndama, na yeye hana mashine, na huko aendako anakwenda kufundisha watoto kusoma. Aliuliza atakifanyia nini. Nilimwambia atakitazama.  Kisha akasema: "Baba Mdogo, mimi nimeshakusamehe. Tangu Ijumaa. Huna haja ya kunipa chochote." Nilimjibu kuwa huo ni unyenyekevu aliourithi kwa baba yake, na ndiyo sababu hasa anastahili. Nilisikia akivuta pumzi. Nadhani aliguswa.

Mama Patasi naye ameleta barua, ya kwanza kuandika maishani mwake kwa kadiri nijuavyo. Ina mstari mmoja. Anauliza kuanzia kesho mbao zitashikwa na nini. Swali zuri. Nimeliweka kwenye mengineyo, kikao kijacho.

Niliviunga vile vipande viwili jana jioni? Hapana. Binti aliondoka navyo, amevikumbatia. Nilimtazama mpaka akakata kona. Nikarudi, nikalichukua bakuli langu la upogo, nikalifunga tena kwenye kitambaa kile kama lilivyokuwa. Hakikukaa sawasawa. Sijui Kaka alikuwa akikikunjaje.

Basi, waheshimiwa, maneno si mengi. Karakana, kwa kauli moja, imeazimia, na mimi katibu wake naagiza utekelezaji: kesho Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, wajumbe wanne wenye mgongo mzima wafike na kamba na matambara, wakifungue kibano kutoka kwenye mashine, wakipige brashi, wakitie tone moja tu la mafuta, na wamkabidhi binti wa marehemu kituoni kabla gari lake halijaondoka saa nne. Ufunguo mpya uende nacho. Wengine tutabaki tukikereza miguu ya viti mpaka hapo itakapoazimiwa vinginevyo.